Kidude cha elfu 25, boksi la laki tisa na bolti moja yenye kutu

Gari lilianza vituko masika, wiki ile ambayo mvua Dar ilikuwa haikatiki. Nikiwasha indiketa ya kulia, wipa inapiga mara moja halafu inalala. Usiku nasikia milango inajifunga na kujifungua yenyewe, mpaka jirani akaniuliza kama nina mgeni anayechezea rimoti. Taa ya ABS, ile ya breki, inawaka, inazimika. Asubuhi moja taa ya kufuli kwenye dashibodi ikaanza kumweka na injini ikagoma kabisa. Dakika kumi baadaye ikawaka kama hakuna kilichotokea.

Nikakimbilia Kariakoo kununua kile kidude cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, unasoma kwa simu. Elfu 25. Programu ikazunguka weee, mwisho ikaniambia gari halina kosa lolote. Naisoma hiyo sentensi, milango ikajifunga.

Baadaye nilielewa kwamba kidude hakikunidanganya. Kilisoma kile tu kinachojua kusoma. Soketi ile yenye pini 16 ililazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996 kwa sababu ya moshi, kwa hiyo lugha ya pamoja ambayo kila kidude cha bei poa kinaielewa ni ya injini na uchafuzi wa hewa. Milango, vioo, wipa, indiketa na taa za ndani viko chini ya kontroli boksi nyingine (kontroli boksi ni kompyuta ndogo ya gari), ile ya bodi, na huko kila mtengenezaji ana lugha yake. Kwa kuangalia joto la injini kidude kinafaa, nyota tatu. Kwa tatizo kama langu, hela ya maji.

Nikaenda Gerezani. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akaona kontroli boksi ya bodi haijibu, akafunga mjadala: "Dada, boksi limekufa. Lililotumika nakutafutia kwa laki tisa." Hakufungua hata plastiki moja. Nilipouliza kama boksi la gari lingine litakubali funguo zangu, akasema hiyo tutaangalia mbele ya safari. Hapo nikashtuka. Kwenye gari langu boksi hilo ndilo linalotambua ufunguo, maana yake ningeweza kulipa laki tisa na bado injini isiwake mpaka nimlipe mtu mwingine aje kuoanisha.

Huduma ninayotaka kuisifia ni ya fundi umeme anayekuja nyumbani. Nilipewa namba na shemeji. Alichelewa saa moja na robo bila kupiga simu, hilo naliandika kabisa, lakini alipofika alifanya kazi ambayo sijawahi kuona ikifanywa kwenye gari langu. Mashine yake ilipita boksi moja moja. Injini, ABS na dashibodi zote zilijibu, na zote zilikuwa na kosa lilelile, U0140, yaani zimepoteza mawasiliano na kontroli boksi ya bodi. Akanigeuzia skrini.

"Watu watatu wakikwambia fulani hapokei simu, utawanunulia hao watatu simu mpya?"

"Hapana."

"Haya. Na huyo asiyepokea utamzika? Pengine simu yake imekata chaji tu."

Kisha akachomoa terminali ya betri, akasubiri kidogo, akaweka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye pini ya 6 na ya 14 za ile soketi. Hizo ndizo nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ambazo maboksi yote yanazungumzia, mtandao wa CAN. Kila mwisho wa njia una kizuizi cha umeme cha omu 120 (omu ni kipimo cha ukinzani), na viwili vikiwa sambamba mita inatakiwa kusoma kama 60. Ikisoma 120, mwisho mmoja umepotea au waya umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Yetu ilisoma 61. Njia kuu ni nzima, akasema, basi tumfuate mwenyewe nyumbani kwake.

Nyumbani kwake ni nyuma ya plastiki ya miguuni upande wa abiria. Alipoivuta nikasikia harufu ya gunia lililolowa. Akarudisha betri, akapima moto unaoingia kwenye boksi: volti 12.4, safi. Fyuzi nzima. Mimi nilidhani sasa atasema boksi limekufa kweli. Badala yake akaweka waya mmoja wa mita kwenye pini ya athi ya boksi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bati la gari, mwingine kwenye hasi yenyewe, akaniambia niwashe taa kubwa na hazadi, zile indiketa zote kwa pamoja. Namba ya volti ikaanza kucheza na indiketa: 0.4, 1.9, 0.4, 1.9. Alisema hapo haitakiwi kuzidi 0.1 hivi. Kumbe kila taa ilipowaka, athi ya boksi ilikuwa inapanda, boksi linachanganyikiwa, linazimika na kuamka upya, na likiamka linarusha amri zisizo na kichwa wala miguu. Ndiyo wipa yangu ile.

Akainua kapeti. Maji. Chini yake bolti ya athi imevaa kutu, na kichwa cha waya kimeota ule ukijani wa shaba. Akaikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akabadilisha kichwa cha waya, akakaza, akapaka grisi. Mita ikasoma 0.03, hazadi zikiwaka. Akafuta makosa yote, tukazunguka mtaa mara mbili, akapima tena. Boksi lililokufa likajibu.

Maji yalitokea wapi? Naegesha chini ya mwarobaini. Majani yalikuwa yameziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, mvua ikakosa njia, ikaingia ndani. Hiyo kazi ya kuzibua niliifanya mwenyewe kwa waya wa henga.

Kupima elfu 60, kazi elfu 30. Saa mbili na nusu. Ninampa nyota nne. Ya tano imekwenda na kule kuchelewa, na kwa sababu hakutaka kuniandikia popote vipimo alivyopata, ikabidi niipige picha mita yake.

Wiki iliyofuata yule fundi wa kwanza akapiga: bado nalitaka boksi, au ampe mteja mwingine ambaye milango yake nayo inajifunga? Nikamwambia ampe, ila ainue kwanza kapeti ya huyo mteja. Akacheka sana, akadhani namtania.