Keja za kukodisha Kisumu: mitaa nimezunguka, bei nimeulizia, hii ndiyo rivyu yangu

Kila mtu anahamia Kisumu swali ni moja, bedsita, kile chumba kimoja chenye choo na jiko ndani, inaenda pesa ngapi, na watu wanajibu venye wanajisikia, mmoja anasema elfu tano mwingine elfu kumi na hakuna mwenye amedanganya. Mi nimetafuta nyumba kuanzia Nyalenda mpaka Mamboleo na msimamo wangu ni huu, hapa Kisumu kodi inafuata udongo na maji kwanza, ukubwa wa chumba unakuja baadaye sana. Kwa hivyo mitaa nitaipima hivyo, sio kwa picha za tiles zenye watu wanaposti.

Tuanze chini. Nyalenda A na B singo, yaani chumba kimoja tupu, ya mabati nilikuwa naambiwa kati ya 2,500 na 4,000, ya mawe yenye stima inapanda kidogo. Kwa ukaribu hakuna mtaa wa pesa hiyo unaishinda, town unatembea na mguu, siku huna nauli hakuna mtu atajua. Shida ni ardhi yenyewe. Hapo ni ule udongo mweusi wa kushika maji, ukikauka unapasuka nyufa unaeza ingiza mkono, ukilowa unavimba, na nyumba iliyojengwa haraka juu yake inacheza nao. So kabla uangalie rangi angalia kona za madirisha na juu ya mlango, ukipata ufa umezibwa na simiti mpya alafu mlango unafungwa kwa kusukumwa na bega, basi umeshajibiwa.

Na usiende kuona nyumba ya huko Januari kumekauka ukarudi unasifu. Masika ya 2024 ziwa lilipanda sana na mvua ikaongezea, maji yakaingia kwa nyumba za watu Nyalenda na kule Dunga, watu wakahama na vitu kichwani. Alama huwa zinabaki, ule mstari wa kahawia kwa ukuta wa nje karibu na chini. Wakishapaka rangi mstari hauonekani tena, so uliza mama mboga wa hapo karibu. Keateka, yule mwangalizi wa nyumba, atakuambia "hapa hapana shida boss", mama mboga hana chumba cha kukupangisha, atakuonyesha mpaka mahali mawe ya kukanyagia huwekwa.

Kitu inanisumbua zaidi huku chini na pia Manyatta ni choo. Maji ya ardhini iko karibu sana, shimo halichimbwi ndefu, linajaa haraka, na ndani ya ploti hiyohiyo, ua moja lenye milango kadhaa ya wapangaji, unapata kisima na watu wanachota. Hayo maji fulia nguo na upige deki, ya kunywa hapana hata yakiwa yanang'aa aje. Ya mfereji ipo, KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, wanauzia vikundi vya mtaa maji kwa jumla alafu vikundi ndivyo vinasambaza kwa manyumba na vioski, na kwa maoni yangu huo ndio mpango wa maana umewahi kufanyika Nyalenda. Lakini ploti hazijaunganishwa zote. So swali la kuuliza si "maji iko?", kila mtu atasema iko. Uliza mfereji uko wapi, unatoka saa ngapi, na ufunguo wa kufuli ya mfereji unakaa na nani. Nimeona ploti moja ufunguo unakaa na landilodi na landilodi anaishi Ahero! Alafu hesabu milango, hesabu vyoo, gawanya. Ikifika milango kumi kwa choo kimoja endelea na safari yako.

Manyatta na Kondele bei inakaribiana na ya Nyalenda, chakula rahisi, matatu mpaka usiku, kila kitu unapata saa yoyote. Kelele pia. Siku za maandamano Kondele ndio huwaka mapema, so kama uko na mtoto mdogo tafuta nyumba imeingia ndani, mbali na barabara kubwa ju moshi wa polisi hauulizi nani anadaiwa kodi. Kwa kijana mmoja anayefanya kazi town mi naipea nne kwa tano bila haya.

Ukipanda Migosi, Kenya Re, Lolwe, hapo ndio hesabu inabadilika. Bedsita niliambiwa 7,000 mpaka 10,000, ya chumba kimoja cha kulala 12,000 hadi 17,000 kulingana na geti, maji na kama iko na balkoni. Ardhi iko sawa zaidi, choo ni cha ndani cha kuflash, simtanki iko juu. Simtanki ndio nilikuwa naangalia kabla ya kitu ingine yoyote, tangi moja la lita elfu tano kwa nyumba ishirini na nne ni mapambo tu, maji ikipotea siku mbili mtaanza kununua mtungi kwa mkokoteni na kodi ni ileile. Migosi ndio chaguo langu, wacha niseme mapema.

Milimani sitakaa sana, ni pazuri, kuna miti, kuna hewa ya ziwa, nyumba ya vyumba viwili nilitajiwa 35,000 nikashukuru nikatoka.

Mamboleo ilikuwa ya watu wenye wanatafuta unafuu, saa hii hapana. Uwanja wa Jomo Kenyatta uliwekwa pale, Madaraka Dei ya 2021 ikafanyiwa hapo, na nyumba mpya zinaota kila upande. Ni mpya kweli, zinanukia rangi, lakini zingine barabara ya kuingia ni matope tupu na boda usiku anakuitisha mara mbili. Hiyo nauli iweke kwa kodi. Nyumba ya 8,000 Mamboleo na nauli ya watu wawili kila siku inashinda ya 11,000 ya Migosi kwa ughali, piga hesabu na kalamu utaona. Riat juu mawe, hewa safi, lakini kama huna gari ama pikipiki omera utateseka.

Sasa stima. Uliza kama nyumba iko na mita yake ama ni sabmita. Ukiwa na mita yako na unatumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi, uko kwa bei ya chini kabisa. Sabmita ni kwamba ploti nzima inaonekana kwa Kenya Power kama mteja mmoja mkubwa, inavuka yuniti 100 mapema sana, mnalipa bei ya juu wote hata yule mwenye ako na balbu moja na simu ya kuchaji. Juu ya hiyo landilodi wengine wanaongeza yao. Tena angalia dari. Mabati bila dari na jua la Kisumu saa nane mchana ni tanuri, utanunua feni, feni itakula tokeni. Na wavu wa mbu kwa madirisha, hii ni ukanda wa malaria, sio kitu ya kusema "tutaweka baadaye".

Ndugu yangu anakaa Nakuru, Free Area, alinicheka na haya mambo yangu ya visima mpaka nikamuuliza maji yao inatoka wapi. Borehole. Bonde la Ufa floridi iko juu, ndio maana unaona meno ya kahawia huko, na kuchemsha haitoi floridi, maji inapungua floridi inabaki. So kila mji na kitu yake.

Kitu ingine, landilodi mmoja aliniongezea elfu moja juu ya bei ya tangazo akisema KRA, wale wa kukusanya ushuru, wamepandisha ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha. Uongo. Ilishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 Januari 2024, na ni mzigo wa mwenye nyumba kwa mapato yake, sio laini mpya kwa risiti yako. Nilimwambia hivyo kwa heshima, mzee akasema basi nitafute kwingine. Nikatafuta.

Mabroka sasa. Wako wazuri, wachache. Wengi wanaitisha pesa ya kuona nyumba kabla hata ujue mtaa, 500, 1,000, alafu unapelekwa nyumba tatu, moja imeshachukuliwa, moja ni ya bei ingine, ya tatu ni ile hukutaka. Mabroka nawapea moja kwa tano. Mwenye alinisaidia alikuwa mtu wa tuktuk, anajua ploti zenye zimebandika karatasi ya nyumba wazi kwa geti, unamlipa nauli na ya soda mnazunguka asubuhi moja mnamaliza Migosi na Kenya Re yote, unaongea na keateka mwenyewe uso kwa uso.

Dipositi ni mwezi mmoja, mahali pengine wanaongeza ya maji na stima, itisha iandikwe kwa risiti kila moja na jina lake. Siku ya kuingia piga picha kuta, sinki, vioo, chini ya sinki pia, utume kwa keateka hapohapo kwa Wasap ili tarehe ionekane. Na uliza pesa ya kupaka rangi ukihama wanakata ngapi kwa dipositi, ju hiyo huwa wanakata hata ukikaa miezi mitatu na hukupigilia hata msumari.