Plymouth Duster 340 ya 1970: Nimeliendesha Tena Gari la Ujana Wangu

Hamjambo watazamaji wangu. Leo salamu zitakuwa fupi, maana gari lenyewe hili hapa nyuma yangu na injini bado ni ya moto. Plymouth Duster 340, toleo la 1970. Kama hili nililinunua hapa hapa Los Angeles mwaka 1977, mwanafunzi mgeni kutoka Mombasa, kwa fedha za kuosha vyombo mkahawani. Tangu nilipoliuza sikuwahi kuketi ndani ya jingine, mpaka leo asubuhi rafiki yangu aliponipa ufunguo akasema, "Mzee, nenda nalo mlimani."

Ngoja niwashe. Sikilizeni.

Wallahi, mwili umenisisimka. Hiyo ni V8, silinda nane, ya inchi za ujazo 340 (ndiyo hiyo 340 ya jina lake), yaani lita 5.6, na kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 275. Sasa mtaniuliza, muosha vyombo alilipataje? Duster ni Valiant, gari dogo la kawaida la Plymouth, iliyovishwa bodi mpya, kwa hiyo hata likiwa jipya lilikuwa rahisi kuliko magari mengine ya nguvu ya wakati ule kama Pontiac GTO au Chevrolet Chevelle. Halafu petroli ikapanda baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973, na bima kwa vijana wenye injini kubwa ilikuwa haishikiki. Watu waliyachoka magari haya ya misuli, wakayauza kwa bei ya kuyaondoa uani. Ndipo mimi nikapita.

Wiki ya kwanza nilikuwa nafungua mlango wa kulia nautafuta usukani, kama nyumbani! Jirani yangu, fundi mtu mzima, ndiye aliyenifundisha mengine. Kila Jumamosi alinipa kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni, nyingine naipitisha juu ya injini, mpaka niseme mwenyewe ugonjwa uko wapi. Nilikuwa mpweke sana mji huu, ndugu zangu. Kwa lile boneti lililofunguliwa ndipo nilipopata watu wa kuzungumza nao.

Haya, safari. Nimelipandisha barabara ya Angeles Crest. Gia nne za mkono, klachi nzito, unaisikia mpaka kwenye goti. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya pili, pua inanyanyuka na kiti kinakusukuma mgongoni, vile vile kama zamani. Kwenye kona ndipo nilipokumbuka kwamba sasa nina wajukuu. Usukani una ulegevu katikati, na nyuma kuna springi bapa kama za lori; barabara ikiwa na mashimo, mkia unarukaruka. Breki za mbele ni za diski, zinashika vizuri, lakini za nyuma ni za ngoma. Mkitelemka, tumieni gia.

Langu niliondokana nalo 1979, mafuta yalipoadimika tena. California iliweka zamu: namba yako ikiishia na witiri, unajaza siku za witiri, ikiwa shufwa, siku zake. Nilikesha kwenye foleni na gari lenye kiu namna ile, nikashindwa. Akaja kijana akanilipa taslimu. Nilisimama barazani nikamsikiliza akikata kona, akaingiza ya pili, akaingiza ya tatu, mpaka sauti ikapotea.

Kwa vijana mnaotaka kununua: 340 ya kweli sasa ni ghali, na za kughushi zipo. Chungulia namba ya chasisi juu ya dashibodi, upande wa dereva, ukiwa nje ya kioo. Kwenye gari la 1970, alama ya tano, ukihesabu herufi na tarakimu pamoja, lazima iwe H. Ukikuta C, gari hilo lilitoka kiwandani na injini ya silinda sita ya lita 3.7, hata kama ubavuni limebandikwa 340.

Na mimi nasema lile la C lisidharauliwe. Injini yake imelazwa nyuzi 30, ngumu kama jiwe la kusagia, na ukifungua boneti mkono unafika kila mahali. Bodi ni ile ile, kiti ni kile kile. Kijana mwenye mshahara mdogo, ningemwambia achukue hilo, na bomba la mpira.

Rafiki yangu anataka gari lake saa kumi. Zimebaki dakika arobaini, na tangi lina mafuta. Zima kamera, mwanangu, panda twende.