Trei ya kuotesha mbegu dirishani: uzoefu wangu hapa Kigoma

Nimepanga ghorofani Mwanga, na uani kuna kuku wa mwenye nyumba ambao hawajawahi kuacha mche ukasimama. Kitalu cha chini hakiwezekani. Nilipoiona hii trei mtandaoni, yenye matundu 24, mfuniko angavu, vidonge vya makumbi ya nazi na pakiti kadhaa za mbegu za mboga na maua kama marigodi na petunia, nikaagiza kutoka Dar kwa Sh 22,000, nauli ya basi mbali.

Vidonge ni vizuri, hilo nalisema wazi. Unavimwagia maji vinavimba hadi kujaza tundu, na kila kimoja kimevikwa kiwavu laini, kwa hiyo mche unahama na udongo wake wote, mizizi haishtuki. Marigodi zilichomoza ndani ya wiki, nyanya zikafuatia, hoho zikajivuta kama kawaida yake. Petunia zina kazi. Mbegu zake ni kama ugoro, ukipiga chafya umezipoteza, na hazifukiwi kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Nililowesha ncha ya kijiti cha meno, nikazidonoa moja moja, nikaziweka juu ya udongo na kuzinyunyizia maji kidogo.

Mfuniko ulitengenezwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi. Huku kwetu jua la alasiri likiingia kutoka upande wa ziwa, ndani ya ule mfuniko kunakuwa jiko. Matone yanatiririka, udongo haukauki, ukungu mweupe unatanda, kisha kinyausi kinaingia: shina linasinyaa pale linapogusana na udongo na mche unalala kifudifudi. Mche wa kwanza ukichungulia tu, ondoa mfuniko. Na usimwagilie juu; tia maji kwenye sinia la chini, udongo unyonye, yanayobaki mwaga.

Karatasi ya maelekezo inasema weka trei kwenye dirisha linaloelekea kusini. Kwa Ulaya ni sahihi. Lakini Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kaskazini. Mwezi Juni dirisha la kusini halipigwi na jua hata dakika moja! Mwenye dirisha la mashariki ana bahati, maana jua la asubuhi analipata mwaka mzima na halichomi. La magharibi linafaa, ila saa tisa weka pazia jepesi.

Kitu kingine ambacho karatasi haikitaji ni wavu wa mbu wa dirishani. Kiangazi vumbi linaganda humo na mwanga unapungua kuliko unavyodhani. Miche yangu ya nyanya ilirefuka, shingo nyembamba, yote imeinamia nondo za dirisha. Nikausugua wavu kwa brashi na maji, nikawa naigeuza trei kila asubuhi. Majani mapya yalitoka mapana na mashina yakanenepa.

Ninapomkata muuzaji nyota ni kwenye mbegu. Pakiti hazina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Saladi hazikuota hata moja. Kweli mbegu ya saladi hugoma joto likizidi nyuzi 30 hivi, lakini bila tarehe nitajuaje kama ni joto au ni uzee? Safari ijayo mbegu nanunua duka la pembejeo, lebo nikiiona kwa macho yangu.

Msitegemee kuvuna nyanya dirishani. Mche ukifikisha majani manne au matano, uzoeshe jua kidogo kidogo, kisha uhamishie nje. Yangu iko kwenye ndoo za rangi pale roshani. Kinachokaa dirishani moja kwa moja ni mrehani. Nachuma vijicha, unachipua tena, na kwenye mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwa letu, hauna mpinzani.

Kwa jumla naipa nyota tatu. Trei yenyewe ni ngumu, itatumika misimu mingi. Vidonge vikiisha sinunui vingine kwa bei ile, mboji iliyochekechwa na mchanga kidogo inatosha. Kama muuzaji anauza trei tupu, chukueni hiyo, na mwambieni aifunge kwenye boksi. Yangu ilisafiri ndani ya kiroba, ikafika na kona imepasuka.