Uzoefu wangu: kuskimu (kuchonga uso wa) diski za breki zikiwa kwenye gari, Industrial Area, Nairobi

Kama gari yako imetulia kwa mwendo lakini ukikanyaga breki kwa nguvu steringi inatetemeka, soma hii kabla hujanunua spea yoyote.

Toyota Fielder yangu ilikuwa hivyo. Thika Road kwa 100 hivi haina shida kabisa, halafu matatu inakukatia kuokota abiria mahali si steji, unakanyaga breki, steringi inatikisika mpaka pete yangu inagonga plastiki. Kuteremka Mai Mahiu nyuma ya malori ndio ilikuwa mbaya zaidi, breki zikishapata moto hata kiti unakisikia, na nikiwa na watoto nyuma mimi sikuwa na amani hata kidogo.

Gereji ya kwanza niliyopeleka waliangalia kwa macho tu wakasema ni pedi. Nikawekewa pedi mpya, ikatulia kidogo, mtetemo ukarudi. Kurudi kwao naambiwa sasa ni lowa amu zote mbili (mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele) na shoki za mbele. Hakuna mtu alikuwa ametoa kifaa chochote cha kupimia, ni kubahatisha na pesa ya mwenye gari, na hiyo iliniuma sana kwa sababu lowa amu hata ukichukua za eks-Japani huko Kirinyaga Road bado ni pesa.

Rafiki akanielekeza wokshopu moja Industrial Area, upande wa Lusaka Road, wao ni breki na sasipensheni peke yake. Fundi akasema, "Madam, tuiendeshe kwanza, ndio nijue inatetemekea wapi." Akaniuliza nasikia kwa steringi ama kwa kiti, manake kwa steringi mara nyingi ni mbele, kwa kiti ni nyuma. Tukatafuta barabara isiyo na magari, akaenda polepole akavuta handibreki kidogo kidogo akiwa amefinya kile kitufe, kwa sababu handibreki inashika magurudumu ya nyuma tu na yangu nyuma ni dramu, si diski. Hakuna mtetemo. Akakanyaga breki ya mguu, tukausikia, na unapungua kasi kadiri gari inavyopungua mwendo, yaani unafuata mzunguko wa gurudumu. Akanieleza ile ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) ikifanya kazi unaisikia kwa mguu kama pedali inagongagonga haraka haraka, hiyo ni kawaida, isikutishe. Na gari ikitetemeka bila hata kugusa breki, hapo anza na balansi ya magurudumu.

Sasa kwa jeki. Akatoa diski akaipima unene kwa maikromita (kifaa cha kupima unene mdogo sana) sehemu kadhaa kuzunguka diski yote, anaandika kila namba kwa karatasi, hakutumia venia (kile kipimo cha taya mbili) kwa sababu anasema diski ikishalika inabaki na ukingo pembeni na venia inakaa juu ya huo ukingo inakudanganya. Upande wa kushoto namba zilikuwa zinapanda na kushuka. Hata tofauti ya 0.02 mm unaweza kuisikia kwa steringi, na hiyo ni nyembamba kuliko nywele! Halafu akaniambia nipitishe kidole kwa uso wa habu (kitovu cha gurudumu) pale diski inakaa, nikakuta kutu imejijenga kama magamba. Akaisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma ikang'aa, akarudisha diski akaifunga na nati, akaweka ile geji ya saa yenye mshale akasema zungusha mwenyewe. Naizungusha polepole naona mshale unaenda na kurudi. Yeye anataka kuyumba kwa diski kusizidi 0.05 mm, yangu ilikuwa imepita.

Hapa ndio nilielewa kitu ambacho wengi hatuelezwi. Watu husema diski imepinda kwa joto, lakini mara nyingi inaanza na kuyumba kidogo tu, kutu ya habu ama nati zilizokazwa bila usawa, basi kila mzunguko sehemu moja inaparuza pedi hata kama hujakanyaga breki, na baada ya maelfu ya kilomita sehemu hiyo inakuwa nyembamba kuliko zingine. Ndio maana mtetemo unakuja miezi baada ya kubadilisha tairi na hakuna mtu anakumbuka ile bunduki ya hewa iliyokaza nati moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine. Hawa wanakaza kwa mkono, kwa kupishana, wakimalizia na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), 103 Nm kwa Toyota kama yangu.

Kabla ya kuskimu alinionyesha unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa diski nyingi umechapwa hapo hapo, MIN TH na namba. Mkichonga mkapita hiyo, diski ni ya kutupa. Zangu zilikuwa na nafasi. Mashine inafungwa kwa habu yenyewe, diski inachongwa ikiwa kwa gari, kwa hivyo hata kuyumba kwa habu kunarekebishwa pamoja. Akaweka alama ya rangi kwa diski na habu ili siku ikitolewa irudi pale pale. Pini za kalipa (kile kinachobana pedi kwa diski) zilikuwa zimekauka, akazisafisha akapaka girisi ya breki, na zile pedi mpya akazipiga msasa. Lowa amu akazitikisa kwa mtaimbo, bushi zake za mpira ziko sawa, hakuniuzia.

Mwisho tukaenda kuzoesha pedi, unapunguza mwendo kwa breki kutoka 60 mpaka karibu 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha unaiacha ipoe. Tangu hapo nimeshuka Mai Mahiu na mzigo na familia, steringi imetulia tuli.

Bei ya kuskimu zote mbili haikufika nusu ya diski mpya. Kasoro yao ni foleni, Jumamosi utakaa sana na pa kukaa ni benchi moja tu juani, afadhali siku ya kazi asubuhi. Na kama rimu zako zina nati za kufuli beba ile funguo yake, bila hiyo hawagusi gurudumu.