Adapta mbili zilizoninusuru kupasua ukuta

Sabufa yangu ilikaa kando ya televisheni, besi ikijaa kona moja tu; ukikaa kwenye kochi huisikii. Nikataka kuihamishia nyuma ya kochi, lakini kuburuta waya chini ya zulia? Hapana. Ukutani tayari kulikuwa na waya wa antena, RG6, usiotumika tena.

Nikanunua adapta mbili: upande mmoja unafungwa kwa skrubu kwenye waya wa antena, upande wa pili unachomekwa waya wa RCA, ule wa kawaida wa sauti wenye pini moja katikati. Jaribio la kwanza: hakuna besi, ni mvumo tu, mmmm, kama friji bovu. Nikapanda darini. Kumbe waya ule ulipitia spilita ya antena, kigawanyio cha mawimbi ya TV, ambayo haipitishi masafa ya chini kama ya besi, tena ilikuwa imefungwa kwenye waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, ndio ulioleta mvumo. Nikaing'oa, nikaunganisha ncha mbili kwa kiungio kidogo cha kike kwa kike. Mvumo ukakata. Besi ikaja safi, hadi vikombe kabatini vikagongana.

Lawama: adapta moja ililegea, ikawa inakatakata sauti ukiigusa. Niliibana kidogo kwa koleo, ikatulia, ila kitu kipya hakipaswi kuhitaji koleo.

Njia hii ni ya sabufa yenye amplifaya yake ndani. Isiyo nayo inataka waya wa spika, usijaribu kuilisha kwa huu wa antena. Mita kumi na kitu ukutani, na sijasikia tofauti yoyote na waya wa sabufa wa dukani.