gfortran: kompaila inayoupokea msimbo wa wazee

Kazi yangu ni mahesabu ya mtiririko wa maji kwenye mabomba, na programu nyingi ninazozitegemea ziliandikwa kwa FORTRAN 77, toleo la zamani la lugha ya programu ya Fortran, na watu waliokwisha kustaafu. Kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, naipima kwa jambo moja: msimbo wao upite bila kuandikwa upya. gfortran, programu huria iliyoingia katika GCC 4.0 (mkusanyo wa kompaila wa mradi wa GNU) mwaka 2005, inaufaulu mtihani huo.

Inasoma hata mpangilio wa enzi za kadi za kutobolewa: safu ya 1 hadi 5 namba ya sentensi, ya 6 kuendeleza mstari, ya 7 hadi 72 maelekezo yenyewe. Mpangilio huo asili yake ni IBM, ambako John Backus na wenzake walitoa FORTRAN ya kwanza mwaka 1957 kwa ajili ya IBM 704. Waandishi wa programu wa wakati ule hawakuamini kwamba mashine ingetunga msimbo wenye kasi ya ule ulioandikwa kwa mkono. Timu ya Backus ilijua kwamba ikishindwa hapo hakuna atakayeitaka lugha yao, ikatia jitihada kubwa kwenye kasi. Nikiweka -O2 leo, chaguo la kuiambia kompaila iongeze kasi ya msimbo, navuna jasho lao. Na hata anayetatua milinganyo kwa NumPy, maktaba ya mahesabu ya lugha ya Python, huishia kwenye rutini za LAPACK, maktaba iliyoandikwa kwa Fortran.

Tahadhari kwa wenye msimbo mkongwe: tangu toleo la 10, hoja zisizolingana na subrutini (yaani thamani za aina tofauti na ile ambayo sehemu hiyo ya programu inaitarajia) zinahesabiwa kosa, si onyo. Chaguo la -fallow-argument-mismatch linafungua njia, ila nakusihi usome kwanza kosa lenyewe. Huenda REAL (namba ya desimali ya usahihi wa kawaida) imepelekwa panapotakiwa DOUBLE PRECISION (ya usahihi maradufu), na hapo majibu huharibika kimyakimya. Wakati wa majaribio washa pia -fcheck=bounds, inayokagua kama programu inavuka mipaka ya orodha za data (array).

Nisichokipenda ni faili za .mod, ambamo kompaila huhifadhi maelezo ya moduli, yaani vipande vya programu vinavyotumiwa na vingine. Za toleo moja zinaweza kukataliwa na jingine, ukalazimika kukompaili moduli zote upya.

Msimbo mpya nauandika kwa muundo huru wa Fortran 90, na implicit none, sentensi inayolazimisha kila jina litangazwe, haikosi. Kanuni ya kale kwamba jina lisilotangazwa likianza na herufi I hadi N ni namba kamili bado inafanya kazi, na gfortran itaifuata bila kukuuliza.