Kikokotoo cha mwendo wa mbio: uzoefu wangu wa kilomita 5 hapa Dodoma

Kama unakimbia kilomita 5 au 10 na unataka kushusha muda wako, kikokotoo cha bure cha kwenye simu kinatosha kabisa. Ninachotumia mimi, ukishakipakua hakihitaji bando, na tangu nianze kukitumia kwenye barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) sijaona haja ya kununua saa ya bei mbaya.

Unaingiza umbali na muda, kinakupa mwendo wa kila kilomita na wa kila mzunguko wa mita 400. Nilianza na 26:30 kwa kilomita 5. Kikanigawia: 5:18 kwa kilomita, sekunde 127 kwa mzunguko. Nilichotamani ni 25:00, yaani 5:00 kwa kilomita. Ukizitazama jumla zake unaona ni dakika moja na nusu tu, ila ukigawa unakuta ni sekunde 18 za kukata kwenye kila kilomita, na hizo ni nyingi mno kwa mkupuo mmoja. Nikaweka lengo la kati, 25:45, ambalo ni 5:09 kwa kilomita. Hilo mwili ulilikubali.

Ninachokipenda zaidi ni jedwali la muda wa kupita kila kilomita: 5:09, 10:18, 15:27, 20:36, 25:45. Naziandika kwa kalamu mkono wa kushoto kabla ya kutoka. Kilomita ya kwanza ndiyo inayomaliza watu wengi. Miguu bado mibichi, wenzako wanakupita, unajikuta umeipita kwa 4:40, halafu ya tatu inakudai deni lote. Ukiangalia mkono unapunguza mapema.

Kinabashiri pia, kwa kanuni ya Peter Riegel, Mmarekani aliyeitoa mwaka 1977: umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa kama mara 2.08. Kwa 26:30 yangu kikasema kilomita 10 ni 55:15. Naona ni haki kwa aliyezoea umbali huo. Mwenye mazoezi mafupi tu asiitegemee. Mkimbiaji wa mita 100 au 200 ndiyo haimfai kabisa.

Niliingiza hata 3:32.2 ya Filbert Bayi, rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974. Ni wastani wa sekunde 56.6 kwa kila mita 400! Ukiwa na 127 zako mkononi, unamheshimu mzee wetu upya.

Kasoro zipo. Kinafunguka kwenye maili, kila mara ubadilishe. Kubwa zaidi, ukurasa mmoja unaonyesha desimali: 5.15 pale ni dakika 5 na sekunde 9, si sekunde 15. Asiyejua atapoteza nusu dakika nzima kwenye kilomita 5.

Tena kinahesabu kana kwamba njia yote ni tambarare na hewa imetulia. Upepo wetu wa kiangazi ukinikabili naiachia kilomita hiyo ifike 5:20, nikigeuka nao mgongoni nafidia. Na muda ulioupata Dar es Salaam kwenye joto la pwani usiutumie kupanga lengo la huku, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kimbia hapa kwanza, saa 12 asubuhi, ndipo uingize namba.

Nakipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano wataipata wakianza na kilomita na kuziondoa zile desimali.